Mji Kwanza, Kituo Baadaye

Mwaka 2013 nilikuwa karani wa masijala katika kituo cha afya kilichoko njiani kati ya Kibondo na Kasulu. Jina la kijiji silitaji, maana wenyewe wapo na mimi bado nakwenda kuwasalimia. Kazi yangu ilikuwa mafaili. Lakini mwezi wa kumi na moja mwaka ule mganga mfawidhi, ndiye mkuu wa kituo, aliniita ofisini, akafunga mlango, akanipa kazi ambayo haimo kwenye mkataba wa karani yeyote nchi hii: niende Kibondo mjini, nimpokee mgeni, nimtembeze mpaka akubali kukaa.

Mgeni alikuwa daktari. Kituo chetu kilijengewa chumba cha upasuaji, kimepakwa rangi vizuri, kina meza yake na taa yake, na tangu daktari wetu aende masomoni hakuna mtu aliyepasuliwa mle. Waliletwa wawili kabla ya huyu. Wa kwanza alishushwa kijijini jioni ya mvua, akaona tope, akaona giza, kesho yake akasema anakwenda Kibondo kununua vocha. Mpaka leo ananunua vocha. Wa pili hata hiyo vocha hakuitaja.

Mkuu wangu alikaa akafikiri, akaona kosa ni letu. Tunawaonyesha watu kituo kabla hawajauona mji. Safari hii, akasema, mji kwanza, kituo baadaye. Nisimlete mpaka ale ashibe, aone soko, aone milima, ajue kwamba huku watu wanaishi. Habari za shida nisizitie mdomoni kabisa. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," akamalizia, akacheka peke yake.

Mimi sikucheka. Nilikuwa na mimba ya miezi mitano, na tumboni nilikuwa na kovu la mtoto wa kwanza. Uchungu wa yule mtoto ulinikuta pale pale kijijini, daktari wetu akiwa likizo, wakanipakia kwenye gari kunipeleka Kibondo. Masika ile barabara ilikuwa uji. Gari likazama, wanaume wakashuka kusukuma, mimi nimelala kwenye benchi la nyuma namng'ata mume wangu mkono. Tulipofika walinikata moja kwa moja, na muuguzi akaniambia baadaye kwamba tungechelewa kidogo tu, ningerudi mmoja au nisingerudi kabisa. Binti yangu ni mzima, alhamdulillah, mkorofi kama nini. Lakini mimi ile barabara nikiiona tu natokwa jasho.

Basi hesabu yangu ilikuwa fupi. Huyu daktari akikaa, mwezi wa tatu nitajifungua nyumbani kwangu, mume wangu nje ya mlango. Asipokaa, mwezi wa pili nitafungasha niende Kabanga, kule karibu na Kasulu kwenye hospitali ya misheni, nipange chumba kwa watu nisiowajua nisubiri uchungu peke yangu, nimwache mtoto wa miaka mitatu na baba yake, mwalimu hodari wa hisabati anayeunguza hata uji. Na kama uchungu utanitangulia, basi ni ile barabara tena. Nilikuwa naogopa. Sikumwambia mtu, lakini nilikuwa naogopa mpaka usingizini.

Alishuka Ijumaa alasiri kwenye basi la Kahama. Msichana mwembamba, mzaliwa wa Ilala, mdogo wangu kwa miaka sita hivi, viatu vyeupe. Viatu vyeupe Kibondo! Nikasema moyoni, haya, tumeanza. Kisha nikaona mzigo wake: begi la mgongoni, basi. Mtu anayehamia hashuki na begi la mgongoni. Nikajikaza, nikampokea kwa vigelegele vya rohoni maana vya mdomoni vingemtisha.

Jumamosi nilimwamsha saa moja. Mimi ni mtu wa Tanga, na kwetu mgeni huanzwa na tumbo. Nikampeleka kwa mama mmoja wa Ujiji mwenye mgahawa nyuma ya soko, chapati zake zinachanika kama karatasi laini, maharage yake mazito, chai ya maziwa yenye tangawizi inayokukwaruza koo. Daktari alikula chapati mbili akasema asante, ni nzuri. Nilimtazama usoni. Ile "ni nzuri" ilikuwa ya adabu tu.

Tukaingia sokoni. Mvua zilikuwa zimeanza, na mvua zikianza uyoga unatoka porini, wanawake wanaupanga kwenye ungo, mwingine mweupe, mwingine wa rangi ya chungwa, mwingine mkubwa ungeweza kujifunikia mvua. Nikamwonyesha mawese yaliyojazwa kwenye chupa za soda, mekundu. Nikamsimulia jinsi wiki yangu ya kwanza Kibondo nilivyopelekewa maharage ya mawese nikayarudisha jikoni, nikidhani wamenitilia rangi ya sakafu. Hapo akacheka kidogo. Nikamwonyesha vitenge, nikamwonyesha dagaa wa ziwani, nikamfundisha kusema "mwakeye", salamu ya Kiha, kwa wamama wa ndizi, na wamama wakamjibu kwa furaha mno, maneno marefu ambayo hata mimi sikuyaelewa, ila nilitafsiri vile nilivyotaka. Nilisema wanamwambia akae asiondoke. Kumbe huenda walikuwa wanataja bei tu.

Mchana nikampeleka kula mgebuka. Huyu ni samaki wa Tanganyika, mrefu mwembamba, anasafiri kutoka Kigoma mpaka kwetu, na akikaangwa vizuri ngozi inalia mdomoni. Kwa ugali wa muhogo. Nilimwambia ugali huu hautafunwi, unamezwa, na usibishane nao. Ndipo daktari, mkono mmoja na tonge, akaniuliza bila kuninyanyulia macho kama mimba ni ya ngapi. Nilikuwa nimevaa dera pana nikidhani nimejificha. Nikasema ya pili. Akauliza ya kwanza nilijifungua vipi.

Nikasema, kawaida tu.

Ulimi ulitoka wenyewe. Si kwa sababu ya amri ya mkuu wangu peke yake. Nilijua nikianza kusimulia nitalia juu ya mgebuka, na tena nilijua jambo moja: mtu akikaa kwa huruma, huruma ikiisha anaondoka. Nilitaka akae kwa sababu ameupenda mji. Ndiyo maana nilikuwa nauza uyoga na samaki kama dalali.

Baada ya chakula nikampandisha kwenye kilima kilicho nje ya mji, upande wa magharibi, ambako siku ya mawingu mepesi unaviona vilima vya Burundi, safu nyuma ya safu, vya bluu. Pale mimi huwa natuliza hasira zote. Nilikuwa natweta, nimeshika kiuno, nikijifanya nasimama kutazama mandhari. Daktari alitazama mandhari kidogo, akanitazama mimi sana. Aliuliza tu kama kuna mtandao.

Nikaona siku inaniponyoka. Nikabakiza karata moja, asali. Asali ya Kibondo haina mfano, ya miti ya porini, nyeusi kidogo, na mimi naichukua kwa bibi mmoja anayekaa mwisho wa mji, kwenye nyumba ya matofali ya udongo yenye migomba mbele. Ana mizinga ya mume wake marehemu na wajukuu wa kuipandia. Bibi huyu hauzi kama watu wa sokoni. Kwake lazima ukae, usalimiane, uulizwe habari za kwenu na za mvua, unywe kitu, ndipo asali itajwe.

Tukakaa kwenye mkeka. Bibi akaleta juisi ya ndizi mbivu, ile wanayoikanda kwa majani mpaka itoe maji matamu, bado haijachachuka. Akamimina kikombe cha bati, akainua, akanywa yeye mafunda mawili, kisha kikombe kile kile akampa daktari kwa mikono miwili.

Na mimi nilikuwa nimesahau kumwambia. Miaka minne huku Buha, nchi ya Waha, jambo limekuwa langu, silioni tena. Daktari alikitazama kikombe, akaitazama alama ya midomo ya bibi ukingoni. Akatoa karatasi laini kwenye mkoba, akapangusa ukingo vizuri, kwa utaratibu, kama anasafisha mahali pa kuchoma sindano.

Mjukuu aliyekuwa akipura maharage uani akaacha kupura. Nikasema moyoni, hapa asali hatupati na daktari hatupati.

Bibi hakugomba. Alinyoosha mkono, akachukua kikombe, akanywa juisi yote mpaka chini huku anamtazama mgeni. Akamimina tena. Akanywa tena mafunda mawili. Akampa tena, mikono miwili.

Nikajitia katikati, aibu imenijaa, nikamweleza daktari kwa haraka. Huku mwenye nyumba hutangulia kunywa. Anachokupa ameshakitia tumboni mwake, kama kina ubaya umpate yeye kwanza. Ukipangusa pale alipoweka mdomo ni kama umesema hadharani kwamba humwamini hata baada ya kumwona akinywa. Msichana wa watu alibadilika rangi. Alishika kikombe kwa mikono miwili kama alivyopewa, akanywa pale pale kwenye alama, akamaliza bila kupumua. Bibi akacheka mpaka pengo likaonekana, akampiga paja, akasema huyu mwana anafundishika.

Mambo yakawa mepesi. Asali ikatoka, tukairamba vidoleni na masega yake. Nikaanza kuhema vizuri. Basi bibi, kwa upendo wake, akanijazia mimi kikombe cha pili, akanipa huku ananikemea kwa Kiswahili chake cha Kiha. Akasema ninywe nipate nguvu, maana mimi ni mtu waliyemkata, na mtu aliyekatwa hapandi vilima na mimba. Alikuwa ametuona tukiteremka kilimani.

Bibi alijua, nilimsimulia mwenyewe mwaka wa nyuma. Njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu ilikuwa fupi mno, kutoka mgebuka hadi asali.

Daktari aliramba kidole chake akakimaliza. Tukaaga, tukatoka, tukafika kwenye migomba. Hapo akasimama.

"Dada, ulikatwa?"

Nikasema ndiyo.

"Kwa nini?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote nimesimama pale, gari, tope, benchi la nyuma, mkono wa mume wangu una alama za meno mpaka leo, Kabanga, chumba cha kupanga, mwezi wa tatu. Nilidhani nitalia, sikulia, nikawa nasema kwa hasira kama namgombeza yeye. Na kweli nilikuwa namgombeza, yeye na yule wa vocha na yule mwingine, na kila mtu aliyewahi kushuka kwetu na begi la mgongoni.

Aliniacha nimalize. Kisha naye akakasirika, na alikuwa na hasira nzuri, ya chini chini. Akasema nimempandisha kilima mtu mwenye kovu na mimba, yaani mimi mwenyewe, na yeye nimemlisha, nimemtembeza soko zima, nimemdanganya alipouliza swali la kazi. Akafungua mkoba akanionyesha tiketi ya basi, Jumatatu alfajiri, amekwisha kuikata. Tangu Ijumaa alikuwa anangoja mtu amwambie ameletwa kufanya nini, na watu wanamwambia aonje hiki, aonje kile. Alidhani hatuna kazi ya kumpa.

Na mimi siku nzima nilijiona mjanja.

"Nipeleke kituoni," akasema. "Leo."

Tulikodi gari dogo. Njia nzima, kila gari lilipotumbukia shimoni, alimwambia dereva taratibu, na baada ya mara ya tatu nikaelewa kwamba ni kwa ajili yangu. Mvua ilikuwa haijanyesha siku mbili, tukafika jua bado liko juu ya miti. Mkuu wangu alipotuona tunashuka, siku moja kabla ya mpango, na mgeni viatu vyeupe vimeshakuwa vyekundu, alinitolea macho. Nikamwashiria kwamba asiniulize.

Wakaingia chumba cha upasuaji, yeye, mkuu, na muuguzi mkunga. Mimi nikakaa kwenye benchi nje. Niliwasikia wakivuta meza, wakiwasha taa, wakizima, wakiwasha. Nilisikia anauliza nani anatoa sindano ya usingizi, akaambiwa yupo mmoja aliyesomea, mwenyeji, haondoki. Anauliza damu inatoka wapi. Anauliza mtungi wa kuchemshia vifaa unatumia umeme au mkaa. Kila jibu nilikuwa nalipima. Lilipokuwa baya nilifumba macho. Mume wangu alikuja na mtoto begani, nikamwambia akae, asiseme, akakaa hakusema. Sijawahi kumpenda kama nilivyompenda saa ile.

Alitoka akiwa amefungwa kanga ya muuguzi kiunoni badala ya aproni. Alikuja moja kwa moja kwenye benchi, akachuchumaa mbele yangu, akaniuliza kama anaweza kunishika tumbo. Akanishika, juu ya dera, kule chini kwenye kovu, taratibu, akasikiliza kwa vidole.

"Miaka siwezi kukuahidi," akasema. "Mama yangu ni mgonjwa, na huku ni mbali. Lakini mwezi wa tatu nipo."

Nikasema asante. Mimi mwenye maneno yote yale, nikapata hilo moja. Ilikuwa ahadi ndogo na ilinitosha, ila moyo una tamaa, ukaanza hapo hapo kuuliza, na wa mwezi wa nne je? Jirani yangu mmoja wa nyumba ya pili alikuwa ajifungue mwezi wa nne. Muuguzi mkunga naye alinong'ona kwamba miezi minne si haba. Tukashukuru kwa tulichopata.

Jumapili aliomba turudi Kibondo. Tiketi akampa kijana mmoja wa halmashauri aliyekuwa na safari, na sisi tukaingia mtaa wa maduka kwa mzee mmoja wa Kiislamu anayeuza vyombo, ndoo, na magodoro. Daktari alisema anataka kitu cha kulalia. Mzee alimtazama, akalitazama lile begi la mgongoni, akawa amemaliza kumsoma. Akaenda kona akaleta godoro jembamba, limeviringishwa na kufungwa kamba. Alieleza bila kuficha: hili ndilo wanalochukua watumishi wageni wote. Likikunjwa linaingia chini ya kiti cha basi. Ukipata uhamisho huna usumbufu, unaliweka kwapani na kwaheri.

Alikuwa anasema kweli. Hata sisi tulianza na lile. Nilimwona daktari anaifikiria ile kamba, anaigusa, na mimi nikatazama pembeni, kwa sababu sikutaka aone ninavyotazama.

Aliliacha. Akaenda ukutani yalikosimamishwa mengine, akayabonyeza kwa ngumi moja moja, mpaka akafika kwa lililokuwa nene kuliko yote, la futi tano, lile ambalo watu huwanunulia maharusi. Akamwomba mzee alilaze chini. Akavua viatu, akajilaza chali katikati ya duka, kati ya ndoo na masufuria, akafumba macho. Wateja wawili wakasimama mlangoni kushangaa.

"Hili," akasema.

Mzee akamwonya kama baba. Akamwambia hilo, mwanangu, halikunjiki. Likishaingia nyumbani limeingia.

"Najua," akasema daktari, akaketi akaanza kufunga kamba za viatu.

Mimi nilikuwa nimeshageuza uso. Nikasema moyoni, mwezi wa nne, wa tano, mwakani. Ili machozi yasionekane nikajitia kazi, nikainama nikashika pembe ya lile godoro nisaidie kulitoa nje kwenye gari. Nilikuwa sijalinyanyua hata shibiri moja nikahisi mkono wake umenishika kifundo cha mkono.

"Weka chini, dada," akasema. "Wewe sasa ni mgonjwa wangu."